Nani Atamwitikia Bi Eunike

Njombe, 14 Januari 2024

Mwanangu Obedi,

Marahaba. Nnaijibu shikamoo yako kabla hujaiandika, maana ikipanda boti kisha mabasi mawili itafika hapa imeshapoa, na Njombe kila kitu kinapoa. Chai inapoa mkononi, wali unapoa sufuriani, na mimi nnapoa kitandani na soksi mbili mbili kila mguu. Mkwe wangu ndiye anayenivalisha. Mtoto mzuri, hana neno, ila ananisemesha kwa sauti kubwa kama ninaishi ng'ambo ya mto.

Mumewe, Albani wangu, mzima. Shamba la chai limempandisha cheo, sasa ana pikipiki ya kazi. Magoti yangu ndiyo hayo. Viazi tunakula asubuhi, mchana tunavikuta tena. Nazi ipo sokoni lakini imezeeka njiani kuliko mimi. Usinipigie simu, sikio la kulia lishakufa na la kushoto linachagua la kusikia. Andika.

Tumepishana wee! Mimi nnatoka kanisa la Mtakatifu Anna baada ya umri wangu wote, wewe unaingia kuwa padri. Nilikuwa nishafungasha ndipo askofu akataja jina lako. Nililia kwenye boti mpaka mtu akanipa mfuko wa kutapikia, akidhani ni mawimbi.

Sasa neno langu. Wewe umekulia Korogwe, baba yako alivuka akaoa huko, kwa hivyo pengine hukuelezwa. Pale kanisani kwetu, misa ikiisha, kabla hujatoa baraka, Mzee Mabrouk anakwenda mlangoni, anaupa uso uchochoro, anawaita walio mbali. Mmoja mmoja, kwa kichwa, hana karatasi. Aitwaye hayupo, bila shaka, ndiyo maana anaitwa. Basi mtu wake aliyebaki anaitika "Naam" badala yake. Ndiyo tunaita kumwitikia mtu. Asiye na jamaa anapangiwa. Jambo hilo halimo katika kitabu cha sala, tuliwakuta wazee wetu wakilifanya, na wao waliwakuta wao.

Mimi nilimwitikia baba yako miaka yote aliyokuwa Korogwe. Nilikuitikia na wewe ulipokuwa chuo cha upadri, kila Jumapili, na hukujua. Sasa ujue.

Nnauliza hivi: mimi nnaitwa? Na nani ananiitikia? Nilimwachia Salome, tuliyekuwa tukikaa benchi moja. Saa ile ya mwisho wa misa mimi hukaa hapa kimya nikatega lile sikio moja. Kisha nnasema "Naam" polepole, Albani asije akadhani nnaweweseka. Usinicheke.

Msalimie Riyama, jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro. Mwambie ubani wake umeniishia.

Shangazi yako,
Eunike


Mji Mkongwe, 6 Februari 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole na baridi na pole na magoti. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Joto la huku ningeweza kukutumia kwenye mfuko ningekutumia. Bi Riyama amefurahi mno kupata salamu zako. Ametoa ubani, na juu yake kopo la achari ya ndimu, yote yamo katika furushi hili. Naomba Albani asiifungue achari barabarani.

Nimekuta nyumba ya padri ina vyumba vingi na viti viwili. Nazoea. Watu wako ni wapole sana, wananiletea chakula, wananiita Padri kwa heshima hadi naona haya.

Nikuhadithie kazi, maana najua unapenda habari za kanisa. Chuoni tulifundishwa kwamba padri asipange ibada peke yake chumbani, awaulize waumini, apange kwa maoni yao. Basi nimeanza. Kwanza niliweka sanduku mlangoni. Mwezi mzima nilikuta humo kikaratasi kimoja kilichosema "Vizuri", kifungo cha shati na ganda la kashata. Nikaamua kuuliza kwa mdomo. Vijana wanaofanya kazi mahotelini, wengi wao wa bara kama mimi, nimewauliza kwenye kundi lao la simu. Wamesema mengi: ibada ni ndefu, wanachelewa zamu, wanataka gitaa, wanataka chai baada ya ibada ili watu wajuane. Wazee nao niliwauliza mmoja mmoja. Mzee Mabrouk alinishika mkono akasema, "Vizuri, Padri. Utakavyopanga wewe ndivyo." Wote walijibu hivyohivyo.

Kwa hiyo nimepanga upya. Nimepunguza hapa, nimeongeza pale. Wiki iliyopita tulimaliza mapema na jua bado halijawa kali. Nilijisikia nimefanya kazi.

Kuhusu swali lako, Bi Salome anakusalimu sana. Macho yanamsumbua kidogo.

Niandikie habari za kanisa la huko. Mnaimba nini? Padri wenu anahubirije?

Mwanao,
Obedi


Njombe, 25 Februari 2024

Mwanangu Obedi,

Marahaba. Furushi limefika. Achari Albani aliifungua Makambako alipokwenda kuipokea, akanambia basi zima liliuliza ni nini kile. Iliyobaki nnaila kwa kidole, sisubiri chakula. Ubani nimeufukiza chumbani, mkwe wangu akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Tumecheka siku ile. Ni siku nzuri niliyopata tangu nije.

Mvua haikatiki. Jirani amefiwa na ng'ombe, na watu walikwenda kumpa pole kama kafiwa na mtu. Nikenda na mimi.

Kanisa la hapa ni kubwa. Linajaa. Wanaimba vizuri, kwa Kibena pia.

Haya, habari yako nimeisoma. Umefanya vyema kuuliza, si kila padri anauliza. Aliyekutangulia alikuwa akipanga nyimbo kwa kadiri alivyoamka. Lakini, mwanangu, watu wa pale huwajui. Mtu wa Unguja mwenye adabu zake ukimpikia mchuzi wa chumvi tupu ukamwuliza "Vipi?", atakwambia "Mtamu, Mungu akuzidishie." Humwulizi. Unamwangalia sahani. Huyo kijana wa hoteli atakwambia, maana mwezi ujao yuko Nungwi au Paje na hatakuona tena. Mabrouk ana kuzikwa pale. Atamjibu nini padri wake, tena mtoto wa kwetu kina Feruzi, tena umri wa mjukuu wake?

Na swali langu, Obedi. Nimekuuliza nnaitwa na nani ananiitikia, umenijibu Salome ananisalimu. Salamu nimeipokea. Swali bado liko palepale.

Shangazi yako,
Eunike


Mji Mkongwe, 20 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani ya majirani zimeingiliana, na Pasaka ikaangukia katikati ya mfungo. Nimekuwa nikikimbia huku na huku. Bi Riyama alikuwa akiniletea futari kila jioni: tambi, mihogo ya nazi, na ile mikate ya ufuta. Anabisha, anaweka sinia, anaondoka. Mimi nakula peke yangu mezani na kile kiti cha pili kinanitazama. Nakuambia ukweli, Shangazi, kuna siku sauti pekee ninayoisikia baada ya mchana ni ya feni.

Ibada inakwenda. Gitaa lipo, vijana wameongezeka, tunamaliza kwa wakati. Askofu aliponitembelea alisema nimechangamsha mahali. Lakini kuna jambo silielewi na sina mwingine wa kumwambia.

Ile chai. Niliwaza watakaa, watajuana. Naandaa chupa mbili kubwa, vikombe, maandazi. Vijana wanakunywa wamesimama, mara wamekwenda zamu. Wazee hawagusi. Wakitoka kanisani wote wanavuka uchochoro hadi barazani kwa Bi Riyama, wanakaa pale. Nilidhani wanapenda kahawa yake kuliko chai yangu. Lakini Ramadhani yote kahawa hakuna mchana, na wao walikaa vilevile, bila kikombe. Nikiwaendea wananyamaza. Wanasogea, "Karibu Padri, karibu," wananipa mahali pazuri penye kivuli. Siku moja nilikaa nao. Walizungumza bei ya sukari mpaka nikaaga. Nilipofika mlangoni mwangu nikageuka, nikaona wote wameinamisha vichwa na Mzee Mabrouk anasema kitu.

Nimewauliza kama nimewakosea. Wote: "Hakuna neno, Padri." Chai naimwaga mwenyewe.

Bi Salome amekwenda Dar kwa ajili ya macho. Binti yake anasema huenda asirudi, atakaa naye huko.

Hujanijibu kuhusu mahubiri ya huko.

Mwanao,
Obedi


Njombe, 5 Mei 2024

Obedi,

Leo sina salamu.

Umeukata mwito. Ungekuwa mbele yangu ningekuangalia usoni, na usingejua uangalie wapi.

Ulipopunguza hapa ukaongeza pale, ulichopunguza ni sisi. Ndiyo maana mara mbili nimekuuliza na mara mbili umenipa Salome na macho yake. Unajua wanafanya nini pale kwa Riyama? Hawanywi kahawa. Wanaita. Wamewachukua walio mbali wakawahamishia barazani kwa Muislamu, chinichini, ili wewe usivunjike moyo ukaona umekosea. Hawana hasira na wewe hata chembe. Wanakuonea haya. Ndiyo wananyamaza ukija, ndiyo wanakupa kivuli.

Hunisadiki, kamuulize Riyama. Yeye si muumini wako, hana cha kukuonea haya.

Na Salome kaondoka. Basi hata huko barazani mimi nikiitwa, jina langu linapita hivihivi. Mtu akikaa kimya pale, anayefuata anaitwa. Nimeona wakifanyiwa wengine, nikawaonea huruma, sikujua nitakuja kuwa mimi. Na hapa nimekaa kila Jumapili nikiitika "Naam", wala aliyeniita hayupo.

Eunike


Mji Mkongwe, 28 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Ni kweli. Nimeukata tangu Januari. Barua yako ya kwanza ilifika Jumapili mbili baada ya mimi kuukata, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Nilitaka kukuandikia, kalamu ikawa nzito, nikaandika habari za Bi Salome. Nisamehe.

Nilikwenda kwa Bi Riyama siku ileile nilipoipata barua yako kali. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwuliza. Hakuinua hata macho.

"Padri, mimi naishi mbele ya kanisa lenu tangu nilipoletwa bibi harusi. Majina yenu nayajua kuliko ya ukoo wangu. Jumapili ile hamkuita, nikadhani kuna msiba, nikavaa buibui niteremke. Baadaye kaja Mabrouk kanambia, 'Riyama, utuazime baraza.' Ningemwambia hapana?"

"Mbona hakuna aliyeniambia, Bi Riyama?"

"Wamekwambia. Chai yako nani aliinywa?"

Mchele wake ukaendelea kuruka kwenye ungo. Kisha akasema, kwa upole sasa, "Ulipouliza ulikuwa unauliza kwa mdomo na huku ushapanga. Watu wanaona."

Shangazi, ngoja nikuambie lile ambalo hata yeye sikumwambia. Jumapili yangu ya kwanza hapa, Mzee Mabrouk alipokwenda mlangoni, watu wote waligeuka nyuma kumfuata. Mimi nikabaki madhabahuni nikitazama migongo. Yakaitwa majina ya watu ambao simjui hata mmoja, na kila jina lina mtu wa kuliitikia, na wanatabasamu, wengine wanafuta machozi. Nilijiona mgeni katika kanisa nililopewa. Kwa hiyo kijana mmoja aliposema "majina yale ni marefu", nilifurahi. Katika maoni yote niliyokusanya, hilo ndilo nililolitekeleza haraka kuliko yote. Nikajiambia waumini ndio waliotaka.

Nitalirekebisha, ingawa sijui kwa njia gani bila kuwaaibisha wazee walionifichia aibu. Nishauri. Hata neno moja.

Obedi


Mji Mkongwe, 21 Julai 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujaniandikia. Nilimpigia Albani, akasema, "Mama mzima, anasema yupo." Nikamwuliza amesema tu hivyo? Akasema hivyo tu. Basi naandika bila kujibiwa, maana stahili yangu ndiyo hiyo, na maana nina habari ambayo ni yako.

Nilifuata ushauri wako wa ile sahani. Sikuitisha kikao. Jumapili moja nilichukua chupa zangu za chai nikavuka nazo uchochoro, nikaziweka barazani, nikakaa chini, ngazi ya mwisho. Wakaanza sukari. Nikanywa chai yangu. Sukari ikaisha, wakaingia kwenye mafuta ya taa, nayo yakaisha. Nikakaa. Mwishowe Mzee Mabrouk akakohoa akasema, "Padri, tuna jambo letu dogo hapa la kizee." Nikasema, "Najua, Mzee. Nimekuja kulisikiliza, kama mtaniruhusu." Mzee akasimama akaita, kwa sauti yake yote, si chinichini tena. Mpaka wauza viungo wa kona ile wakatoka kutazama.

Jumapili iliyofuata nikamwomba arudi mlangoni pake. Vijana wa hoteli walikuwepo, na nilikuwa na wasiwasi watanuna. Baada ya ibada binti mmoja wa Iringa, anayetandika vitanda katika hoteli ya Shangani, alinifuata na uso umemwiva. "Padri, mimi ndiye niliyeandika kwamba majina ni marefu. Lakini sikusema uyakate! Niliandika ni marefu na hakuna hata moja la kwetu. Ulisoma nusu?"

Nilisoma nusu, Shangazi. Ile nyingine niliiruka.

Mzee Mabrouk alikuwa anasikia. Akamwambia, "Binti, sisi tunawaita waliotoka hapa. Mama yako hakutoka hapa." Akajibu, "Lakini mimi nimetoka kwake. Yeye yuko mbali nami." Mzee alikwenda hadi kwenye benchi, akakaa, akafikiri. Sijawahi kumwona akifikiri kwa muda ule. Kisha akamwuliza, "Anaitwa nani?" Sasa wanaitwa akina mama wa Iringa, wa Kigoma, wa Mwanza, na vijana wanaitika kwa nguvu hadi madirisha yanatikisika. Ibada imekuwa ndefu kuliko zamani. Zamu wanachelewa vilevile, na hakuna aliyelalamika bado.

Sasa lako. Jumapili ile ya kwanza, majina yakaja, yakaja, hata Bi Salome akaitwa, na Mzee mwenyewe akamwitikia, kwa vile hakuna aliyepangiwa. Kisha akaita, "Eunike Feruzi!" Kimya. Watu wakatazamana. Mimi niko madhabahuni, mtoto wa kaka yako, damu yako, na nikawa nasubiri kuona ni nani ataitika! Ikanijia kama kofi. Nikafungua kinywa. Kabla sauti haijatoka, juu kule ng'ambo ya uchochoro, dirisha la ghorofa ya pili likafunguliwa kwa kishindo:

"Naam! Yupo Njombe, anaganda na baridi, na achari yangu kaimaliza!"

Kanisa zima lilicheka. Mzee Mabrouk alishika nguzo ya mlango akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililia tu.

Jioni nilimwendea Bi Riyama nikamshukuru, nikamwambia kwamba kuanzia sasa nitaitika mimi, ni haki yangu. Akakataa katakata. "Wewe padri, utahamishwa. Mimi nani atanihamisha?" Kwa hiyo umepangiwa, Shangazi, na aliyepangiwa hataki kuachia.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kile kiti cha pili, kwa kubadilisha. Nikawaza juu ya yule binti na mama yake. Korogwe kwetu hakuna mtu tena tangu Mama alipomfuata Baba. Nyumba wamepanga watu nisiowajua. Nimewaza hivyo tu, sitaki kitu. Nakuambia kwa sababu wewe ndiye ninayemwambia.

Nijibu, tafadhali.

Mwanao,
Obedi


Njombe, 11 Agosti 2024

Mwanangu, mwanangu Obedi,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ndizo zote nilizokunyima, zigawe mwenyewe barua kwa barua.

Mkwe wangu ana mimba, Albani anatembea kama yeye ndiye anayeibeba. Baridi ya mwaka huu imevunja adabu, asubuhi nyasi nyeupe. Nimepewa koti la marehemu bibi mmoja wa jirani, limenifika miguuni. Nikijitazama kwenye kioo nnamwamkia.

Nilikasirika, kweli. Lakini si hasira iliyonifunga mkono miezi yote hii. Ni aibu. Wewe umesema lako, na mimi niseme langu. Hukuwa peke yako wa kuficha. Uliniuliza mahubiri ya huku, nikakwambia kanisa kubwa, linajaa. Albani ndiye aliyenambia kwamba linajaa. Mimi nilikwenda siku moja tu, kabla ya Krismasi. Nilijitanda kanga yangu vizuri, nikafika mlangoni, kijana wa kupokea watu akaniuliza nimekuja na nani, nikamwambia mwanangu anakuja nyuma inshallah. Akanishika mkono kwa heshima zake zote akanambia, "Bibi umepotea njia. Msikiti uko kule chini." Hakunitukana. Alitaka kunisaidia. Nikamshukuru, nikageuka, nikarudi nyumbani. Umri wangu wote kanisani, nimesafisha vinara, nimeshona vitambaa vya madhabahu, na sikuweza kumwambia neno moja. Nikamwambia Albani magoti. Tangu siku ile Jumapili zote nilikuwa kitandani na blanketi, nnaitika peke yangu. Pale kwetu ndipo nilipokuwa mtu. Nikasema angalau pale bado nnaitwa. Ndipo nikasoma habari zako za baraza, nikaona hata hilo limekwenda.

Lo, Obedi, nilikuwa mpweke hata nikaona uvivu wa kuvuta pumzi.

Kisha imekuja hii ya Julai. Nilipofika pale kwa Riyama na achari yake nilicheka mpaka meno ya bandia yakanitoka, wallahi, yaliangukia kwenye bakuli la viazi. Nikacheka, kisha nikalia, mkwe wangu akaja na ndoo tena. Kisha nikasoma ule mstari wako wa mwisho, wa Korogwe hakuna mtu. Nikausoma tena. Nikasema, ebo, huyu mtoto nimemwitikia miaka yote ile ya chuo, leo nimekaa hapa na blanketi na yeye hana wa kumwita?

Jumapili nikavaa kanga na koti la marehemu juu. Nikamwambia Albani, "Nipeleke, na tuingie pamoja." Kijana wa mlangoni alikuwa yuleyule, hakunikumbuka. Mahubiri ni marefu, ukitaka kujua. Mwishoni padri akauliza kama kuna mwenye maoni juu ya ibada. Huku nako wanauliza! Watu wakaangalia viatu vyao, kama kwetu. Nikasimama. Albani akanivuta koti. Nikamwambia padri mimi nimetoka Unguja, pale kwetu tuna ada yetu moja, nnaomba ruhusa niifanye mara moja tu, hata msipoipenda. Akasema, "Karibu, Bibi."

Nikenda mlangoni. Nje ukungu mtupu, huoni hata barabara. Nikauelekea, nikaita: "Obedi Feruzi!"

Kimya. Nani atakuitikia, hakuna akujuaye. Nikangoja kidogo, ndiyo adabu yake. Kisha nikaitika mwenyewe: "Naam."

Watoto walicheka, na mimi ningecheka. Nilipogeuka kurudi, mama mmoja mzee wa Kibena, aliyekaa benchi la mbele na fimbo yake, kanishika mkono. Kanambia, "Bibi, mtu haiti akaitika mwenyewe. Wewe ita. Mimi nitakuwa naitika." Kisha kanambia na yeye ana mtoto Afrika Kusini, kimya mwaka wa nne, je, anaweza kuitwa? Nikamwambia ataitwa, na mimi nitamwitikia.

Basi mwambie Riyama aniandalie achari nyingine, sikuja huku kufa. Na wewe Jumapili ukifika mwisho wa misa, watu wakikupa migongo, usiangalie migongo. Tega sikio, hata la kushoto. Nnakuita mimi, na anayekuitikia ni mwanamke ambaye jina lake bado halijanikaa kinywani. Nitamwuliza tena Jumapili.

Shangazi yako,
Eunike